Rangi ya Manjano Haifichi Kitu

Hotuba kwa vijana na walimu wa ufundi, Chake Chake, Pemba

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, walimu wa skuli, mafundi seremala na mafundi wa bodi za gari mlioitika wito, na nyinyi vijana mliojaa huku mbele, ahsanteni kwa kuja. Leo tunazungumza juu ya kitu kinachokaa kwenye viganja viwili: helikopta ya uokozi ya plastiki, ya kipimo cha 1 kwa 72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, na namna ya kuiunda mpaka anayeitazama aione na kazi inayoifanya.

Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Pemba kwa nini ya uokozi. Kila aliye hapa anaujua usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikija huku kwetu, na anaijua Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Allah awarehemu wote. Chombo kinachokwenda kumtoa mtu majini tunakitazama kwa jicho jengine sisi watu wa visiwani, na anayekiunda, hata kwa udogo huu, akiunde kwa heshima.

Tuliyoichagua ni Westland Sea King HAR.3, toleo la uokozi la Jeshi la Anga la Uingereza. Asili yake Marekani: Sikorsky waliirusha ya kwanza mwaka 1959, Westland wa Uingereza wakachukua leseni, wakairusha ya kwao mwaka 1969. Hii HAR.3 iliingia kazini mwaka 1978 ikastaafu mwaka 2015, na kazi yake kubwa miaka yote hiyo ilikuwa kutafuta na kuokoa watu, baharini na milimani. Norway, Ujerumani na Ubelgiji walikuwa na ndugu zake kwa kazi hiyo hiyo, kila mmoja na rangi zake. Ya Waingereza ilikuwa ya manjano tangu puani hadi mkiani, ionekane mbali. Na hapo ndipo penye neno letu la leo. Manjano ni rangi dhaifu ya kufunika. Kijani cha jeshi au kijivu kitakusitiri makosa mengi. Manjano itayatoa nje yote, tena itayakuza. Kwa hiyo kazi ya helikopta hii huamuliwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Tuanze na vipimo, maana wengi hununua kwanza kisha wakakosa pa kuiweka. Mapanga ya Sea King yakizunguka yanachora duara la mita 18.9. Gawa kwa 72, unapata milimita 262. Kiwiliwili ni mita 17 na kidogo, sawa na milimita 236. Ukipima tangu ncha ya panga la mbele hadi ncha ya panga la mkia unapata mita 22.15, nayo kwa kipimo chetu ni milimita 308. Sanduku la kioo la kuihifadhia basi lisipungue sentimita 35 kwa urefu na 30 kwa upana. Kuna na za kipimo cha 1 kwa 48, ambazo mapanga yake peke yake yanakaribia sentimita 40. Kwa anayeanza, 1 kwa 72 inatosha na bei yake inabebeka.

Fremu, yaani vile vitawi vya plastiki vinavyoshikilia vipande, zikitoka ndani ya boksi zina mafuta ya kiwandani, yaliyopakwa ili plastiki itoke kwenye kalibu. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza, tandaza juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisiwani kwetu kuna la ziada ambalo vitabu vya ugenini havilisemi: upepo wa bahari una chumvi. Kiwiliwili kikikaa wiki mbili karibu na dirisha lililo wazi hupata utando mwembamba usioonekana, na praima, ile rangi ya msingi, ikipita juu yake hubanduka baadaye kama ganda la kitunguu. Ioshe tena siku ya kupaka, au ifute kwa spiriti ya hospitali. Thina ya rangi ya gari, petroli na dawa ya kufutia rangi ya kucha visiguse plastiki hii abadan. Vyote vinaiyeyusha au kuipasua.

Usivunje vipande kwa mkono. Vikate kwa koleo dogo, uache milimita moja ya shina, kisha umalizie kwa kisu cha wembe mpya na msasa namba 400. Ukikata karibu kabisa na kipande, plastiki hung'oka na kuacha kishimo. Wembe butu ndio hukata vidole, kwa sababu unalazimika kuusukuma.

Ndani tusikae sana. Madirisha ni madogo, na mtu ataona viti, dashibodi na weusi. Paka rangi za ndani, weka viti, tafuta picha za helikopta yenyewe ujue ubavu upi una nini. La kuamua mapema ni mlango mkubwa wa upande wa kulia, ambao hufunguka kwa kuserereka kuelekea nyuma. Uache wazi. Juu ya mlango huo ndiko iliko winchi, mashine ya kuteremshia na kupandishia mtu kwa waya, na bila mlango wazi helikopta ya uokozi inakuwa basi. Wafanyakazi wake ni wanne: marubani wawili, mwendesha rada ambaye ndiye anayeendesha winchi wakati wa kuokoa, na yule anayeteremka kwenye waya. Ukiweka sanamu mbili tu, ziwe za hao wawili wa nyuma, mmoja amepiga goti mlangoni anatazama chini.

Jambo jengine ambalo vijana hulikosea: wamesoma kwamba pua itiwe uzito ili helikopta isikalie mkia. Hiyo ni kwa zile zenye gurudumu la mbele, kama Puma na Merlin. Sea King magurudumu yake makubwa yako mbele, kwenye yale maboya mawili ya ubavuni, na gurudumu dogo liko nyuma. Inakaa yenyewe. Ukijaza vipande vya madini ya risasi puani unaitesa miguu yake bure.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Wazee wanaojua kuunda majahazi wakilishika tumbo la Sea King watalifahamu mara moja. Lina umbo la mashua, kwa sababu Sikorsky waliitaka iweze kutua juu ya maji ikilazimika. Ina omo, ina mkuku, na inapanda kuelekea tezi. Kiwandani huja nusu mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo mshono unapita juu ya mgongo mzima na chini ya mkuku mzima, mahali ambapo helikopta halisi haina mshono hata kidogo. Kazi ya kuufuta mshono huo ni kukalafati. Fundi wa jahazi hujaza pamba na mafuta kati ya mbao ili maji yasipite. Sisi tunajaza ili jicho lisipite.

Shika nusu mbili pamoja bila gundi kwanza, zitazame mbele ya taa. Mwanga ukipenya, pana kitu ndani kinazuia, mara nyingi sakafu ya chumba cha abiria iliyo pana kwa nusu milimita. Ipunguze sakafu, usiibane bodi kwa nguvu ukitarajia gundi itaishikilia, kwa sababu mshono uliobanwa kwa nguvu huachia baada ya miezi, chini ya rangi. Kisha tumia gundi ya maji ya plastiki, ile nyembamba inayoyeyusha. Gusa mshono kwa brashi, gundi itakimbia yenyewe, hesabu mpaka kumi, ndipo ubane. Utaona uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ukichomoza kwenye mshono wote, unang'aa kama ute. Uzi huo ndio kalafati bora kuliko puti yoyote. Usiufute! Uache saa 48, ukauke mpaka ndani, kisha uupae kwa msasa 400 wa maji, ufuatie 800 na 1200.

Anayeupiga msasa siku ile ile huona pamekaa sawa, akapaka rangi, na wiki mbili baadaye pametokea mfereji. Plastiki laini ilikuwa bado inasinyaa. Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote mengine, na sababu yake ni haraka tu.

Palipobaki tundu, tia puti. Puti ya gari ya mikebe miwili inafaa ikiwa nyembamba, lakini usizidishe ile dawa ya kukaushia, kwani hutoa joto, na bodi hii ina unene wa milimita moja. Njia rahisi zaidi kwetu ni gundi ya supa iliyochanganywa na poda ya mtoto, kiasi sawa kwa sawa. Hukauka upesi, haisinyai. Ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utakula pembeni na kuiacha katikati imesimama kama tuta.

Vioo navyo vina masharti yake. Gundi ya supa inatoa mvuke unaoganda juu ya kioo kama ukungu mweupe. Gundi ya kuyeyusha nayo ikifungiwa ndani ya bodi hutia kioo nyufa. Vioo vyote vishikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, na kabla ya kuvipachika acha bodi ipumue siku mbili milango ikiwa wazi. Kioo kilichokwaruzika kidogo husuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, duara kwa duara, mpaka kirudi.

Madirisha yafunikwe kwa tepu ya karatasi. Bandika tepu juu ya kioo kizima, ikandamize kwa kijiti cha meno mpaka kingo za fremu zionekane, kisha kata kwa kufuata kingo kwa wembe mpya. Rangi ya kwanza juu ya fremu za madirisha iwe ile ya ndani, nyeusi au kijivu, ndipo zifuate nyengine. Mtu akichungulia, upande wa ndani wa fremu utaonekana mweusi, ilhali nje ni manjano.

Sasa rangi. Praima ya kwanza iwe ya kijivu, na hii ni ya kutafutia makosa tu. Kijivu kinaonyesha kila mkwaruzo. Kosa ukilikuta, rudi kwenye msasa, paka tena praima mahali hapo, tazama tena. Mara tatu ni kawaida. Ukisharidhika, funika kijivu chote kwa nyeupe, au kwa nyeupe iliyotiwa tone la nyekundu ikawa waridi hafifu. Juu ya nyeupe manjano huwa safi na kali. Juu ya waridi huwa ya joto, inakaribia kiini cha yai, na kwa macho yetu hii ya pili ndiyo inayofanana zaidi na Sea King. Manjano juu ya kijivu cheusi hugeuka kijani cha ugonjwa, na hata ukipaka mikono kumi haiponi. Unaongeza unene tu na kuzika ribiti.

Paka mikono minne au mitano, kila mmoja mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Baada ya mkono wa kwanza utaona madoadoa na moyo utashuka. Uache. Subiri dakika 15 hadi 20, mkono wa pili, subiri tena. Kwa brashi ya hewa, shinikizo la bar 1 hadi 1.2 linatosha. Ukitumia kopo la kupulizia la rangi za gari, simama sentimita 25 mbali, anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Usianze wala kusimama juu yake. Na jaribu kwanza juu ya kipande cha fremu, maana rangi nyengine za gari zina thina kali inayokula hata kupitia praima.

Hali ya hewa ndiyo adui wetu wa pekee ambaye fundi wa Ulaya hamjui. Thina ikiruka upesi hupoza uso wa plastiki, na hewa yenye unyevu ikigusa uso baridi huacha maji. Maji hayo yakinaswa ndani ya rangi, unapata utando mweupe kama maziwa. Masika, tangu Machi hadi Mei, usipulize asubuhi na mapema wala baada ya mvua. Ngoja saa nne au saa tano, jua limekwishakausha hewa. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndiyo miezi mizuri, ila upepo wa kusi unaleta vumbi, kwa hiyo pulizia ndani ya boksi kubwa la kadibodi lililolazwa ubavu. Kompresa iwe na kichujio cha maji, na kimwagwe kila baada ya kazi. Kwetu hujaa upesi. Na ukimaliza, usiianike juani ikauke haraka, wala usiiache ndani ya gari. Plastiki hii inapinda kwa joto, na mapanga ndiyo huanza.

Stika za maji zinataka uso unaong'aa. Pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, kwa sababu uso mkavu una vishimo, stika ikilala juu yake hewa hubaki chini, na neno RESCUE likazungukwa na mng'ao wa fedha. Tumbukiza stika kwenye maji ya vuguvugu sekunde 20 hadi 30, itoe, ilaze juu ya kitambaa dakika moja, kisha iserereshe kutoka kwenye karatasi. Usiivute kwa kucha. Juu ya ribiti, pakaza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, itailainisha kidogo ishuke kwenye vitone. Boksi lililokaa dukani miaka mingi huwa na stika zilizokauka. Ijaribu ile ndogo usiyoihitaji. Ikivunjika vipande, pitisha vanishi nyembamba juu ya karatasi yote, ikauke siku nzima, ndipo uzitumie.

Uchafu uwe kidogo. Helikopta za uokozi hutunzwa, na zinazoruka juu ya bahari huoshwa chumvi. Mahali panapochafuka kweli ni ubavuni, nyuma ya ekzosi za injini zake mbili za Gnome, na juu ya manjano masizi hayo yanaonekana wazi. Twanga kipande cha makaa kiwe unga, uchuje kwa kitambaa, uchukue kwa brashi kavu, ukung'ute mpaka udhani hakuna kitu, ndipo uupake kuelekea mkiani. Mifereji ya bodi ipitishwe rangi ya kahawia ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini, juu ya vanishi ya maji iliyokauka. Nyeusi isitumike, juu ya manjano inatoa kijani kile kile tulichokikimbia.

Mapanga makubwa ni matano, nyuzi 72 kati ya moja na jengine. Ukitazama toka juu yanazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo upande wa kulia wa helikopta ukingo mnene wa panga unatazama puani, na upande wa kushoto unatazama mkiani. Puma ya Wafaransa ni kinyume chake, na ndiyo sababu wengi huchanganya. Panga la mkia lina mabawa sita, liko upande wa kushoto. Kibawa cha kulala kiko kulia. Na yako mawili ya kuchagua: ikiwa imetua injini zimezimwa, ncha za mapanga zinalegea chini, ikiwa inaning'inia hewani na mzigo, zinapinda juu. Yanyooshwe au yapindwe kwa vidole baada ya kutiwa kwenye maji ya moto, kidogo kidogo, yote matano kwa kipimo kimoja. Mapanga yaliyonyooka kama rula hayapo kwenye helikopta yoyote nzito.

Tumalize na waya wa winchi, kipande kidogo kuliko vyote, nacho ndicho kinachosema helikopta hii inafanya nini. Waya halisi una unene wa milimita tano hivi. Kwa kipimo chetu ni milimita 0.07, unene wa unywele. Mshipi wa kuvulia, hata ule mwembamba, unaonekana kama nguzo. Chukua waya wa zamani wa kusikilizia simu, uchune, uchomoe uzi mmoja tu wa shaba, uuvute kati ya vidole unyooke, uupake kijivu. Au pasha kipande cha fremu juu ya mshumaa, kikilainika ukitoe motoni kwanza, ndipo ukivute pande mbili kwa mwendo mmoja.

Na kama utaweka bahari chini yake, kuna jambo la kuzingatia. Helikopta ikiruka hukusanya umeme mwilini, na umeme huo hushuka na waya. Ndiyo maana ndoano huachwa iguse maji au sitaha kwanza, ndipo mtu aishike. Kwa hiyo ichonge ndoano yako ikiwa majini, na mkono wa anayeokolewa uwe bado haujaifikia. Maji yaliyo chini ya mapanga yasiwe na mawimbi ya kawaida. Upepo wa mapanga huyalaza, ukayasukuma nje kwa miduara, na manyunyu yakazunguka pembeni. Karatasi ya tishu iliyolowa gundi nyeupe inafanya miduara hiyo vizuri, ukiisukuma kwa kidole kutoka katikati ikiwa bado mbichi.

Kwenye meza ile ya dirishani kuna fremu tatu zilizooshwa jana, na tepu, na msasa wa namba zote. Nusu za kwanza hazijatiwa gundi. Njooni wanne wanne, mzitazame mbele ya taa, mtuonyeshe mwanga unapenya wapi.